Utani

Utani ni kaida ya kijamii inayowaruhusu watu wa makundi mawili, au jamaa kama babu na mjukuu, kufanyiana mzaha na hata kutoleana maneno makali bila mmoja kukasirika. Nchini Tanzania upo pia baina ya makabila, mfano Wazaramo na Wanyamwezi. Chanzo chake huhusishwa na vita vya zamani na misafara ya biashara. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege, alichapisha uchunguzi wa utani wa Tanganyika mwaka 1944. Uzito wa utani huonekana zaidi msibani: mtani huigiza mwendo na sauti ya marehemu, hulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na pia hushika jembe na kusaidia kuchimba kaburi.