Ada ya Waliopona

Historia ya saratani huandikwa kama historia ya dawa: nani aligundua nini, mwaka gani, wagonjwa wangapi wakabaki hai. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiisoma kwa swali jingine, la kihasibu zaidi. Kijana aliyepona akiwa na miaka 20, nani anamlipia chuo?

Nilidhani ningeanzia Marekani. Nikajikuta Kampala.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja, aliitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akachapisha makala yake ya kwanza juu ya uvimbe huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wetu, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakateremka hadi Afrika Kusini na kurudi, kiasi cha maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama watoto wa namna hiyo wameonekana.

Safari hiyo ndiyo hupenda kusimuliwa. Kwangu jambo zito ni dawa. Kisu hakikufaa, na mashine za mionzi hazikuwapo Uganda, kwa hiyo Burkitt akajaribu dawa mpya za saratani. Baadhi ya watoto walipewa dozi chache tu, uvimbe ukayeyuka ndani ya siku kadhaa. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma kwa ushirikiano na Wamarekani, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Yaliyojifunzwa pale kuhusu kuchanganya dawa yaliingia katika matibabu ya limfoma kwingineko.

Sasa piga hesabu. Mtoto wa miaka 7 aliyepona mwaka 1967 alitimiza miaka 18 mwaka 1978, Idi Amin akiwa bado madarakani. John Ziegler, mkurugenzi wa kwanza wa kituo, alikuwa ameshaondoka, na Charles Olweny ndiye aliyeshika usukani tangu 1972, akiwatibu watu katika nchi iliyokuwa ikibomoka. Kipimo cha kazi yao kilikuwa kubaki hai. Ningekuwa mahali pao, nami nisingeuliza habari za ada.

Marekani waliuliza mapema zaidi kwa sababu waliopona walikuwa wengi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba dawa inaweza kurudisha nyuma saratani ya damu ya watoto, japo kwa muda tu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Pinkel na wenzake kule Memphis walikuwa wakiponya takriban nusu ya watoto wenye aina ya ugonjwa huo iliyo ya kawaida zaidi utotoni. Mwaka 1975 daktari Giulio D'Angio akaandika kwamba kumponya mtoto hakutoshi. Alikuwa akiwakumbusha wenzake kwamba tiba yenyewe huacha alama.

Alama hizo zinaingia darasani. Sisplatini hupunguza usikivu, hasa wa sauti kali na nyembamba, na mwanafunzi aliyekaa nyuma ya ukumbi wa watu 400 anapoteza nusu ya sentensi. Mionzi ya kichwani hupunguza kasi ya akili kupokea na kushika mambo. Doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Kijana wa namna hiyo anahitaji muda mrefu zaidi wa kumaliza shahada, na muda chuoni ni pesa.

Mwaka 1985 Fitzhugh Mullan, daktari ambaye naye alikuwa ameugua saratani, aliandika kwamba maisha baada ya tiba yana misimu yake, na kila msimu una matatizo yake, ya kazi na bima yakiwemo. Mwaka mmoja baadaye yeye na wenzake wakaanzisha muungano wa kitaifa wa waliopona. Mifuko ya ufadhili nayo ikaongezeka, mingi ikiwa ya familia zilizofiwa. Ni wema wa kweli, lakini kuna kitu kinanikera humo: mingi humtaka mwombaji aandike insha kuhusu ugonjwa wake. Mtoto wa tajiri analipa ada kwa hundi, huyu analipa kwa kusimulia siku aliyonyolewa nywele.

Huku kwetu hatuna mifuko mingi ya namna hiyo. Tuna michango. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliugua limfoma akiwa mwaka wa kwanza. Kundi la WhatsApp la ukoo lilifunguliwa Jumatatu, na kufikia Ijumaa nauli, vipimo na malazi ya anayemuuguza vilikuwa vimepatikana. Aliahirisha masomo, akatibiwa, akapona. Alipotaka kurudi, mkopo na bumu vilikuwa vimesimama kwa sababu hakuwa darasani, na ofisi moja ikamwambia aombe upya kama mtu asiyewahi kusoma. Shangazi akarudi kwenye lile kundi. Baba mdogo, mtu mkarimu ambaye mara ya kwanza alitoa kuliko sote, akaandika: "Si amepona lakini?" Hakuna aliyejibu. Michango yetu inajua ugonjwa na inajua msiba. Mtu aliyeko katikati, mzima lakini amefilisika, hatujampatia jina.

Hata Wamarekani, pamoja na utajiri wao, walichelewa. Sheria yao kuu ya elimu ya juu ni ya 1965, lakini ilibidi ifike Septemba 2018 ndipo wakapitisha kwamba anayetibiwa saratani anaweza kusimamisha marejesho ya mkopo wa serikali kuu kwa muda wote wa matibabu na miezi 6 baada yake, bila riba kuongezeka. Kipengele hicho kilipenya ndani ya sheria kubwa ya bajeti. Hakimpi mtu shilingi. Kinachonivutia ni ile miezi 6, maana hapo kwa mara moja serikali ilikubali kwa maandishi kwamba siku ya mwisho ya dawa si siku ya kwanza ya uzima.

Nimekitafsiri kwa Kiswahili, kurasa mbili, na binamu yangu amekiambatanisha na barua yake ya rufaa pamoja na cheti cha daktari. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Shangazi ameuza friji la biashara yake ya barafu ili nusu ya ada iwepo mkononi, jibu likichelewa. Usajili wa mwaka wa pili unafungwa mwezi ujao.