Maoni ya wateja: Jinsi ya kuboresha na kutangaza masomo unayouza kwa simu

Siku hizi si mazao na mifugo pekee vinavyouzwa vijijini. Maarifa nayo yanauzwa. Mfugaji mzoefu anaandika kijitabu cha kulea vifaranga na kukituma kwa WhatsApp akishalipwa kwa simu. Fundi cherehani anauza video za kukata nguo. Mkulima wa nyanya ana kundi la kulipia ambamo anatuma ushauri kila wiki. Bidhaa za namna hii hazihitaji ghala wala gari la kusafirishia.

Hata hivyo zina ugumu wake. Muuza nyanya sokoni humwona mteja akizibonyeza, akikunja uso na kwenda meza ya pili. Anayeuza kijitabu kwa simu haoni chochote. Pesa inaingia, kijitabu kinaondoka, kisha kimya. Njia pekee ya kujua kilichotokea baadaye ni kumuuliza aliyenunua. Makala haya yanaeleza namna ya kupata maoni ya wateja, kuyatumia kurekebisha bidhaa, na kuyatumia kuitangaza bila kumdanganya mtu.

Neno moja linavyoweza kuleta hasara

Tuchukue mfano wa kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kwenye sehemu ya chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo, kimeandikwa: "Changanya chanjo kwenye maji safi." Mwandishi anajua anachokisema. Kwake, maji safi ni maji yasiyo na uchafu wala dawa. Mnunuzi naye anavuta maji ya bomba yaliyotiwa klorini, na hayo ndiyo maji safi kuliko yote anayoyajua.

Chanjo za kideri zinazochanganywa kwenye maji ya kunywa huwa na virusi hai visivyoleta ugonjwa mkali. Klorini huviua virusi hivyo. Kuku watakunywa, mfugaji ataamini wamekingwa, na kideri kikiingia kijijini banda linaweza kubaki tupu. Kijitabu hakikusema uongo, lakini hasara imepatikana.

Sasa fikiria mnunuzi mmoja ameandika: "Samahani, maji ya bomba yanafaa?" Swali hilo lina thamani kuliko sifa kumi. Linaonyesha mahali ambapo maneno ya mwandishi na maisha ya msomaji hayakukutana. Marekebisho yake ni mepesi: "Usitumie maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Tumia maji ya mvua au ya kisima yasiyo na dawa, na fuata maelekezo yaliyo kwenye chupa ya chanjo."

Usiulize "umeipenda?"

Watu wengi hawapendi kumkosoa mtu waziwazi, hasa akiwa mkubwa kwao au jirani. Ukiuliza "Umeonaje kijitabu?" utajibiwa "Kizuri tu, ahsante." Jibu hilo ni la adabu, halikufundishi kitu. Uliza juu ya kazi aliyoifanya:

- Umeshajaribu jambo gani kati ya yaliyoandikwa?
- Ulikwama wapi, au ilibidi umuulize mtu mwingine nini?
- Kuna neno au kipimo ambacho hukukielewa?
- Ulikuwa unatafuta nini ambacho hukukikuta?

Maswali manne yanatosha. Salamu itangulie, na kwa mtu mzima shikamoo isisahaulike. Mweleze pia kwamba kukosoa kwake kutawasaidia wafugaji wengine. Mtu akijua lawama yake ni msaada, husema zaidi.

Wakati wa kuuliza nao ni muhimu. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi. Ukimuuliza mnunuzi wa somo la kutamisha mayai siku tatu baada ya kulipa, hana la kukuambia. Muulize wiki ya nne, vifaranga wakiwa wametoka au mayai yakiwa yameharibika.

Huduma ya iCow, iliyoanzishwa na Su Kahumbu nchini Kenya, ilijengwa juu ya wazo la kufuata kalenda ya mfugaji. Mfugaji aliandikisha siku ng'ombe wake alipopandishwa, kisha akapokea ujumbe mfupi kulingana na hatua ya mimba. Maswali yako nayo yafuate kalenda ya mteja.

Mfanyie mteja wepesi wa kujibu

Si kila mteja ana bando kila siku, na si kila mmoja ni mwepesi wa kuandika. Mruhusu ajibu kwa ujumbe wa sauti, au abipu nawe umpigie. Njia ya kubipu imetumika sana hata kwenye redio. Shirika la Farm Radio International lina mfumo uitwao Uliza, ambapo msikilizaji anaweza kubipu bila gharama, kisha mfumo ukampigia ili atoe maoni au apige kura.

Wapigie pia walionyamaza. Wanaoandika wenyewe mara nyingi ni waliofurahi sana au waliokasirika sana. Aliyesoma kurasa mbili akaacha hatakuandikia, na huenda sababu yake ndiyo unayoihitaji. Labda picha zilikuwa nzito zikamaliza bando, labda maandishi ni madogo kwenye kioo cha simu, labda simu yake haina programu ya kufungua kijitabu.

Andika kwenye daftari, kisha panga

Maoni yaliyobaki ndani ya WhatsApp husahaulika. Chukua daftari, andika tarehe, sehemu ya somo inayohusika, na maneno ya mteja kama alivyoyasema. Kila mwezi yapange katika mafungu matatu.

La kwanza ni lisiloeleweka. Mteja anauliza kama "kijiko" ni cha chai au cha chakula. Hapo ongeza maelezo au picha.

La pili ni lisilofikika. Kijitabu hakifunguki, au video ni ndefu mno. Igawe video vipande vifupi, punguza uzito wa picha, au soma somo kwa sauti.

La tatu ni lisilo sahihi. Mteja anasema alifuata maelekezo na matokeo yakawa mabaya. Usikimbilie kujitetea, wala usikubali kabla ya kuchunguza. Muulize hatua kwa hatua alichofanya, kisha mwone ofisa mifugo au ofisa ugani.

Si kila ombi litimizwe. Mtu mmoja akitaka somo la bata ndani ya kijitabu cha kuku, liandike tu. Wakifika kumi, huenda hilo ni somo jipya la kuuza. Ila jambo linalogusa dawa, sumu, afya au mtaji wa mtu halisubiri idadi. Swali moja linatosha kulirekebisha siku hiyohiyo.

Ukisharekebisha, usiishie kwa wateja wapya. Waliokwisha kununua bado wanashika maelekezo ya zamani. Watumie wote marekebisho bila malipo, ukitaja ukurasa na kilichobadilika. Mteja anayepata marekebisho bila kuomba anajua muuzaji hakumsahau baada ya kupokea pesa, na huyo ndiye atakayemwambia jirani.

Maoni yawe tangazo la kweli

Wauzaji wengi hutangaza kwa maneno yao: "Kijitabu bora cha ufugaji wa kisasa." Mnunuzi hatafuti kisasa. Anatafuta jibu la shida yake, kwa maneno yake. Rudi kwenye daftari. Kama wengi walisema "vifaranga wangu wanakufa wiki ya kwanza", basi tangazo lako lianzie hapo: "Vifaranga wako wanakufa wiki ya kwanza? Somo hili linaeleza joto, maji na chakula chao siku kwa siku." Hukuahidi miujiza, umetaja shida wanayoijua.

Ushuhuda wa mteja unasaidia kuuza, lakini una masharti yake. Omba ruhusa kabla ya kuutumia, na uliza kama jina na picha vionekane au vifichwe. Usikate sehemu ya maneno yake. Mteja akisema, "Nimefanikiwa, ila nililazimika kununua taa ya pili," usiweke "nimefanikiwa" peke yake. Anayesoma atapanga bajeti yake kwa maneno hayo. Usitunge ushuhuda, na usimlipe mtu asifie bidhaa ambayo hajaitumia. Vijijini watu wanajuana, na uongo mmoja ukigundulika huua jina lako na la bidhaa pamoja.

Linda namba za wateja

Namba ya simu ya mteja ni taarifa yake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usimpe wala kumuuzia mtu mwingine orodha ya wateja wako. Kumbuka pia kwamba katika kundi la WhatsApp wanachama huonana namba, kwa hiyo usimwingize mtu kabla ya kumuomba. Picha ya mazungumzo ukiituma kwa wengine, funika namba na jina kwanza.

Na wewe unayenunua

Kama wewe ni mnunuzi wa masomo haya, uliza kabla ya kulipa: Muuzaji anapatikana baada ya kuuza? Akirekebisha somo, utatumiwa? Ukishanunua, usione haya kuuliza neno usilolielewa, hasa linapohusu dawa na vipimo. Swali lako linaweza kuokoa kuku wako, na banda la mwingine ambaye hajathubutu kuuliza.