Mdomo wa roketi uliotoboka

Wafua chuma wa zamani wa kanda yetu ya Geita, wakiwemo Warongo, walijua kwamba nguvu ya tanuri haimo katika mivukuto peke yake. Upepo hupitia kwenye kewe, kile kijibomba cha udongo kinachoupeleka motoni. Kewe ikipasuka, utavukuta mpaka jioni na chuma hukipati.

Roketi nayo ina kewe yake, ila hii hutoa moto nje. Huitwa nozeli. Gesi ya moto hubanwa kwenye koo jembamba, kisha hutoka kwa kasi kubwa kupitia mdomo uliopanuka, na roketi ikasukumwa kwenda juu.

Tarehe 20 Julai 1963, huko Wallops nchini Marekani, roketi iitwayo Scout ilikuwa ndiyo kwanza inaruka pale moto ulipoitoboa nozeli yake. Gesi ikatokea ubavuni, roketi ikayumba na kuvunjika vipande. Nayo haikuwa ajali ya kwanza ya Scout.

Njia rahisi ilikuwa kubadili nozeli na kumfukuza fundi. Lakini wachunguzi walipozipitia ajali zote, walikuta kila moja ina sababu yake. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mazoea: mafundi wa huku na wa kule walifanya kazi ileile kwa namna mbalimbali. Basi roketi zilizokwishatengenezwa zikarudishwa kiwandani Dallas, zikafunguliwa, zikapigwa eksirei, na utaratibu mmoja ukawekwa kwa wote.

Matunda yake tuliyaona hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1967 na 1988, Waitaliano walirusha Scout 9 kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Kenya. Zote 9 zilifaulu. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ilibeba satelaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani.

Sisi huku Masumbwe, pampu ya mgodini ikizima tunabadili kipuri na kumlaumu kijana wa zamu. Kesho inazima tena. Tujiulize kazi hii tunaifanyaje kila siku, kabla ya kuuliza nani kaharibu. Maana pampu inapozima, yuko mtu chini shimoni, na maji hayamsubiri.