Maua katika Bustani ya Mboga

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maua hupandwa mbele ili mgeni ayaone, na mboga hukaa nyuma, karibu na jiko, yanakomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mpangilio huu una adabu yake, lakini humpunguzia mwenye bustani mavuno. Ua ni kibarua wa tuta la mboga, na linafaa kuchaguliwa kama anavyochaguliwa kibarua: kwa kazi linayoiweza, wala si kwa sifa linazopewa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye boga. Mmea mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike hutambulika kwa kijiboga kilicho chini ya petali. Ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa, ndiyo maana maua ya kwanza hudondoka bila kuzaa na mpandaji akadhani ameuziwa mbegu mbovu. Kila ua hufunguka alfajiri, hujifunga kabla ya adhuhuri na halifunguki tena. Chavua yake ni nzito na inanata, hivyo upepo hauibebi. Asipopita nyuki katika saa hizo chache, kijiboga hugeuka manjano, hunyauka na kuanguka. Anayepanda kwa ajili ya msusa tu hatajali. Tango nalo likichavushwa nusunusu hupinda au hukonda upande mmoja, isipokuwa zile aina zinazozaa bila kuchavushwa. Pasheni ya manjano ni ngumu zaidi: huikataa chavua yake yenyewe, na nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Kazi hufanywa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti, ambao mara nyingi wenye nyumba huwaua kwa kuwadhani waharibifu tu. Nyanya na maharage kwa kiasi kikubwa hujichavusha, kwa hiyo hayamo katika hoja hii.

Mtu anaweza kusema kwamba nyuki huruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, basi kuna haja gani ya kumpandia maua uani? Tena maua hayo si yatamvuta aliache boga? Hoja hiyo inamhusu nyuki wa mzinga. Nyuki wadogo wanaoishi mmojammoja, kwenye mashimo ya ardhini na mabua makavu, hawaendi mbali. Wengi wao huzunguka mita mia chache tu. Boga huchanua kwa majuma machache, na wadudu hao wanahitaji chakula kabla na baada yake, la sivyo hawajengi hapo. Kinachotakiwa, basi, ni mfululizo. Mrehani, ambao watu wa pwani huupanda uani kwa ajili ya vikuba, huchanua kwa miezi ukiachiwa vichwa vyake. Alizeti chache zilizopandwa kwa kupishana majuma mawili huziba mapengo. Maua yenye petali nyingi zilizobanana, yale yanayopendwa zaidi vitaluni, hayafai sana kwa kazi hii, kwa kuwa mara nyingi petali za ziada zimechukua nafasi ya stameni, na chavua na mbochi vimepungua.

Kazi ya pili ya ua ni kuwalisha wanaowapunguza waharibifu. Maua ya giligilani ni madogo na mafupi, na wadudu wasio na ulimi mrefu huyafikia kwa urahisi. Miongoni mwao wamo nzi wenye mistari ya manjano kama nyigu. Nzi hao hula mbochi na chavua, lakini viluwiluwi vyao hula vidukari, wale wadudu mafuta wanaojaa chini ya majani ya sukuma wiki na kwenye ncha za kunde. Kiluwiluwi kimoja humaliza mamia. Msaada huu huja polepole, na shambulio kubwa halitausubiri. Hapo hutumika dawa ya pareto, nayo ni ua pia. Lakini pareto humuua nyuki kama inavyomuua kidukari. Kwa kuwa huharibika upesi juani, ipulizwe jioni, maua ya boga yakiwa yamejifunga.

Ua lililotiwa chumvi kuliko yote ni marigodi. Husemwa kwamba miche miwili mitatu katikati ya nyanya hufukuza kila mdudu. Lililothibitishwa ni dogo kuliko hilo: mizizi ya baadhi ya aina za marigodi ina kemikali inayoua minyoo fundo, ile inayoivimbisha mizizi ya nyanya na bilinganya. Matokeo mazuri hupatikana tuta zima likipandwa marigodi tupu, kwa kubanana, kwa miezi miwili hivi kabla ya nyanya. Zikichanganywa mojamoja, faida ni haba, na wakati wa kiangazi marigodi huwa makao ya utitiri mwekundu, ambaye ni adui wa nyanya vilevile.

Linabaki suala la nafasi, nalo ni zito kwa mwenye uwanja mdogo au magunia barazani: kila shina la ua ni shina la mchicha lililokosa mahali. Jibu ni kutumia mipaka, kuanzia na uzio. Alizeti mwitu (Tithonia diversifolia), yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, imezoeleka magharibi mwa Kenya kama uzio. Majani yake mabichi yakikaushwa na kupimwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu. Machipukizi laini hukatwakatwa na kufukiwa tutani, ambako huoza haraka. Mengine huachwa yachanue kwa ajili ya nyuki, kisha hukatwa mara petali zinaponyauka, kabla mbegu hazijakomaa, maana mmea huu umeshajisambaza kando ya barabara nyingi bila kupandwa na mtu.