Utakasaji: Hatua Inayofuata Baada ya Kuosha Mtungi

Tabora ni nchi ya asali. Miyombo ikichanua Sikonge, Urambo na Kaliua, nyuki hujaza mizinga ya magome na magogo, na sehemu ya asali hiyo haifiki sokoni. Huzimuliwa kwa maji ikawa wanzuki, pombe ambayo ndani ya jina lake limo neno nzuki, yaani nyuki. Hasara inayowaumiza wanaoitengeneza nyumbani ni moja: wanzuki kugeuka siki. Husemwa tu kwamba imechacha, na lawama ikaangukia asali.

Kuchacha na kuchachusha ni mambo mawili. Wali uliolala huchacha wenyewe. Wanzuki huchachushwa, maana mtu amekusudia na anasimamia. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na gesi. Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi asilimia 20 hivi, na ukali wa sukari yake huwazuia viumbe wadogo wasiongezeke. Ukishaizimua, ulinzi huo umekwisha, na atakayewahi ndiye atakayekula. Kuingia kwa kiumbe asiyetakiwa ndiko wataalamu wa vyakula wanakokuita uchafuzi.

Neno hilo tumelizoea zaidi kwenye uchafuzi wa mazingira, kwa hiyo akili hukimbilia taka na moshi, vitu vya kuonekana kwa macho. Lakini uchafuzi wa pombe huanza na vitu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1856 mwanasayansi Louis Pasteur aliombwa msaada na Bigo, mwenye kiwanda cha kilevi cha viazisukari mjini Lille, Ufaransa. Baadhi ya mapipa yalikuwa yakiharibika. Chini ya hadubini, mapipa mazima yalionyesha chembe za mviringo za hamira; yaliyoharibika yalikuwa na vijiti vyembamba, ambavyo leo tunaviita bakteria.

Basi tunahitaji maneno matatu. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kutasisha ni kuua kila kijidudu kilichomo, kazi ya hospitali na maabara. Katikati yake pana kutakasa: kupunguza vijidudu mpaka visiweze kushindana na hamira. Nalipenda neno hili. Katika dini zetu, nguo yaweza kuwa nyeupe pepe na bado ikahitaji kutakaswa, na tangu 2020 hakuna asiyejua vitakasa mikono.

Utaratibu hauwezi kugeuzwa. Osha kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu klorini ya jiki utakayotakasia huishia kupambana na mabaki ya asali badala ya vijidudu. Kisha loweka chombo dakika 20 katika maji yenye jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jiki isikutane kamwe na siki. Hutoa gesi ya sumu. Dumu lenye mikwaruzo ndani liache, na kibuyu kina vitundu visivyofikika kwa urahisi. Kianzio chenyewe, yaani kitu kinachobeba hamira, hakitakaswi. Wakenya wanaotengeneza pombe ya muratina hulitumia tena na tena tunda kavu la mwegea, kwa kuwa hamira imejificha ndani yake.

Dalili nazo zisomwe kwa makini. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, maana yake ni kumwaga. Pombe inayovutika kama mlenda imevamiwa na bakteria. Harufu ya siki huletwa na bakteria wanaohitaji hewa, na vijinzi vya matunda huweza kuwabeba. Funika chombo vizuri. Lakini harufu ya yai viza mara nyingi si uchafuzi. Ni hamira yenye njaa ya nitrojeni, ambayo asali inayo kidogo sana, na kwa kawaida harufu hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Mashapo meupe chini ya chombo ni hamira iliyotua. Wanzuki nzuri humwagwa bure kwa sababu ya mambo haya mawili.

Wanaoandika vitini vya mafunzo ya ufugaji nyuki na usindikaji wa asali, tafadhali msiandike tena “safisha vyombo vizuri” mkaishia hapo. Andikeni hatua mbili, safisha kisha takasa, na kila moja ielezwe peke yake.