Lochi si kambare mdogo

Maziwa na mito ya Afrika Mashariki yana kambare, kamongo, ningu, perege na furu wa kila rangi, lakini hayana lochi. Wa karibu nasi yuko Ethiopia. Wengine wa bara hili wako Moroko, na wengi waliobaki, spishi mamia kwa mamia, wametapakaa Asia na Ulaya. Samaki ambaye mvuvi hajapata kumtia mtumbwini hapewi jina na wavuvi. Kwa hiyo lochi anapowekwa dukani kati ya samaki wa mapambo, ni rahisi muuzaji kumtafutia jina la samaki mwingine anayefanana naye: kambare mdogo, au mkunga wa maji baridi. Majina yote mawili yanampotosha mnunuzi, tena hasara yake huonekana ndani ya tangi.

Kambare anajitokeza kwanza kwa sababu ya sharubu. Kweli, lochi naye ana sharubu mdomoni, hukaa chini, na mara kwa mara hupanda juu kumeza hewa. Lakini kambare huvuta hewa hiyo kwa kiungo maalumu kilicho juu ya mashavu yake, ilhali lochi wengi huimeza na kuifyonza kwa utumbo. Kwa nasaba wako mbali. Lochi ni wa oda moja na ningu, na pia na dagaa wa Ziwa Victoria. (Dagaa wa Tanganyika ni habari nyingine kabisa, huyo ni ndugu wa simu wa baharini.) Anayeuziwa “kambare” atamtarajia mlafi mwenye mdomo mpana, anayevumilia tope na upweke. Lochi mwembamba ana kidomo cha kuokotea mabuu, na akiachwa peke yake hujificha siku nzima asionekane.

Jina la mkunga linatokana na umbo tu. Yuko lochi mwenye mwili mrefu kama kamba ya kiatu, mwenye milia ya kahawia na njano, ambaye ukimwona akijipenyeza kati ya mizizi utadhani ni mtoto wa mkunga. Ila mkunga ni mwindaji wa mwambani mwenye meno, na huyu hana cha kumdhuru samaki mwenzake mkubwa wala mdogo, ukiacha mayai na vifaranga atakavyoviokota.

Kwa hiyo naona heri tukope: lochi. Kiswahili kilishafanya vivyo hivyo kwa trauti wa mito ya milimani Kenya, na hakuna aliyelalamika. Waingereza wenyewe walilichukua neno hili kwa Wafaransa, kwa hiyo msemaji wa Lubumbashi akitamka loshi hajakosea. Amepita njia fupi zaidi kuliko sisi. Kisarufi halibadiliki katika wingi, na upatanisho wake ni wa viumbe: lochi huyu amejifukia, lochi hawa wamejifukia.

Huyo mwenye umbo la kamba ndiye anayependwa zaidi na wenye matangi madogo. Kisayansi ni Pangio kuhlii wa Java, ingawa wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni ndugu yake Pangio semicincta, wa Sumatra, Borneo na rasi ya Malay. Jina linamkumbuka Heinrich Kuhl, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani aliyefariki Java mwaka 1821 kabla ya kutimiza miaka 24. Hapa mtoholeaji awe macho. Akiandika “lochi kuli”, msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atamwona mpakuaji mizigo bandarini. Tuandike lochi wa Kuhl, tuiache herufi h mahali pake.

Tatizo gumu kuliko jina lenyewe ni kivumishi. Wafugaji husema “lochi mdogo”, na kwa Kiswahili mdogo ni wa umbo au wa umri, vyovyote utakavyosikia. Lochi mwenye mapande meusi na ya machungwa, Chromobotia macracanthus, huuzwa akiwa na sentimita 5, anachangamka, anapendeza. Ni mdogo, ndiyo, lakini kwa maana ya mtoto. Huyu huweza kufika sentimita 30 na kuishi zaidi ya miaka 20, na kama kawaida ya lochi hataki kukaa peke yake. Piga hesabu ya tangi la kundi zima. Lochi wa Kuhl huishia kwenye sentimita 8 hadi 10. Ambastaia sidthimunki wa Thailand, mwenye mchoro wa mnyororo ubavuni, hazidi sana sentimita 5. Hao wawili ndio wa kuitwa lochi vibete, kwa kuwa kibete hatarajiwi kukua kesho. Neno linaweza kusikika kali, lakini linamwokoa mnunuzi.

Vipi kuhusu mahali wanapoishi? “Samaki wa chini” husikika kama samaki wa daraja la chini. Napendelea samaki wa sakafuni, kwa kuwa linamkumbusha mfugaji kwamba tangi lina sakafu na kwamba sakafu hiyo ni makazi ya mtu fulani. Lochi wa Kuhl huingiza mchanga mdomoni, huchuja kilicho cha kuliwa, kisha huutoa kupitia matamvua. Akitishwa hujifukia akabakiza pua. Kokoto zenye ncha humkata sharubu, na sharubu zikikatika amepoteza kiungo cha kutafutia riziki gizani. Mchanga uwe laini, na juu yake pawe na mizizi, majani makavu, vipande vya chungu. Pwani tuna mazoea ya kupamba tangi kwa makombe na matumbawe. Kwake ni balaa mara mbili: yanachoma, na yanaongeza chokaa majini.

Chini ya jicho ana mwiba mdogo unaosimama akishikwa. Kwa sababu hiyo jenasi yake iliwahi kuitwa Acanthophthalmus, yaani jicho la mwiba. Ukimzoa kwa wavu atanasa. Mchote kwa bakuli. Magamba yake ni madogo mno, na dawa za magonjwa, hasa zenye shaba, humwelemea kuliko wenzake, ndiyo maana wafugaji wazoefu huanza na nusu ya kipimo. Ziba mdomo wa chujio kwa sponji na funika tangi vizuri, maana hupenya mahali ambapo hukudhani panapenyeka.

Limebaki neno ambalo wengi wamelitafsiri haraka: tangi la jumuiya, maana yake tangi lenye spishi mbalimbali pamoja. Silipendi. Jumuiya ni watu wenye jambo la pamoja, na samaki hao hawana la pamoja isipokuwa maji. Wanaelewana kwa sababu wamegawana kimo: rasbora na tetra katikati, wengine karibu na uso wa maji, lochi sakafuni. Tangi la mchanganyiko ndilo linalosema kweli. Jumuiya ibaki kwa lochi wenyewe kwa wenyewe, kwani wakiwa sita au zaidi hutoka mafichoni, hulala wakiwa wamerundikana shimo moja, na jike mwenye mayai huonyesha rangi ya kijani kupitia ngozi ya tumbo. Kugawana kimo kuna gharama yake pia. Chakula kinachotupwa juu mchana hakimfikii aliye chini. Kidonge kinachozama, au mabuu mekundu ya usubi, viwekwe taa zikishazimwa.

Na mchanganyiko una mipaka. Mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa miamba wa Tanganyika, fahari ya wafugaji wengi wa kwetu, wanataka maji magumu yenye pH ya 8 hadi 9. Lochi wa Kuhl katoka kwenye vinamasi vya mboji, maji laini ya rangi ya chai, pH chini ya 7. Hakuna kipimo cha katikati kitakachowaridhisha wote, hata kabla ya kuhesabu ubabe wa mbuna. Mwenye kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, Unguja au Mombasa, atahitaji kuchanganya maji yake na ya mvua.

Hapo ndipo “maji baridi” yanapotutega. Katika Kiswahili sanifu samaki wa maji baridi ni yule asiye wa baharini. Lakini katika ufugaji wa matangi msemo huohuo huangukia samaki wa dhahabu, asiyehitaji kipasha maji. Mfugaji wa Nairobi akiusoma kwa maana hiyo ya pili mwezi wa Julai atazima kipasha, na asubuhi atawakuta lochi wamezubaa. Kwenye karatasi ya duka paandikwe: maji yasiyo na chumvi, nyuzi 24 hadi 28.