Dola 900 na gitaa mbili: somo la historia kutoka Kamituga



Wengi mumeniuliza kwa nini komite yetu ilichukua miezi mitatu kwa kununua gitaa moja. Ndugu mmoja alisema mbele ya watu: "Mwanahistoria, ata kununua gitare unataka kuiandikia TFC?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Leo najibu. Jibu ni refu kidogo, juu linapita Jadotville, Léopoldville, California na Japani kabla ya kurudi hapa kwetu.

Kwanza, jambo lenyewe. Tulichanga dola 900 kwa ajili ya gitaa ya umeme ya vijana wetu. Hapa Kamituga hiyo si pesa ya mchezo. Ndani yake kulikuwa dola tano tano za walimu wasiojua mshahara utafika lini. Kulikuwa pia dola kumi za mama mmoja mtwangaji, wale mama zetu wanaotwanga mawe ya dhahabu kutoka asubuhi mpaka jioni. Alizitoa juu binti yake ndiye mpiga solo wetu, na binti huyo alikuwa anajifunza kwenye gitaa ya kuazima yenye nyuzi nne.

Wote tulikubaliana tununue ya mtengenezaji mmoja, Fender wa Marekani, umbo la Stratocaster. Ubishi ulianza kwenye bei. Fender inayoitwa Player, inayotengenezwa Mexico, ilikuwa karibu dola 800 katika maduka ya Marekani. Squier Affinity, ambayo ni ya kampuni hiyo hiyo ya Fender lakini imeandikwa jina lingine kichwani, ilikuwa chini ya dola 300. Ukiziangalia kwa mbali, ni mapacha. Mmoja wetu akasema Squier ni Fender ya maskini, na wageni wa kutoka Bukavu watatucheka.

Nakiri: mimi nilikuwa upande wa Player. Nilitaka lile jina.

Aliyenisimamisha ni baba mdogo wangu. Alifanya kazi SOMINKI zamani, na jioni alikuwa anapiga akompa katika orkestra ya wafanyakazi. Nilipomweleza mambo yetu, aliuliza tu: "Munataka gitare ao munataka jina?" Nilikosa la kujibu. Nilisoma historia ISP Bukavu, basi nikafanya nilichofundishwa: nikarudi nyuma kutafuta wakubwa wetu walianza na gitaa gani.

Walianza na nini?

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alikutana na kijana mwenye gitaa huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930. Wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa mwaka ule. Gitaa yake ilikuwa kavu, haikuwa na umeme, na alikuwa anaimba kwa Kiswahili cha kwetu huku mashariki na kusini. Mpaka leo wapiga gitaa wa ng'ambo wanausoma wimbo ule kama somo la vidole.

Upande wa Léopoldville kulikuwa mtoto aitwaye Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938. Mama yake aliuza mikate ya kukaanga sokoni Ngiri-Ngiri. Gitaa yake ya kwanza alijitengenezea mwenyewe kwa kopo, na nyuzi zilikuwa waya za umeme zilizochunwa. Paul Ebengo, tunayemjua kama Dewayon, alimwonyesha njia. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alianza kurekodi kwa Loningisa, studio ya Mgiriki Papadimitriou. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz. Huyo ndiye Franco.

Umeme uliingia wakati huo huo. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mwenyewe mpiga gitaa, alikuja Léopoldville kwa ajili ya studio ya CEFA, akaja na gitaa ya umeme. Vijana wa kwetu waliidaka haraka. Miaka saba tu baadaye, mwanzoni mwa 1960, Nico Kasanda alikuwa Bruxelles pamoja na African Jazz, wakati wanasiasa wetu wako kwenye Meza ya Duara, na "Indépendance Cha Cha" ikazaliwa huko.

Lakini kuna jambo ambalo hatulisemi sana. Vyombo vile vya umeme, kwa kawaida, havikuwa vya wapigaji. Vilikuwa vya studio ao vya mkubwa wa orkestra. Mwenye vyombo njo mwenye neno. Mwanamuziki akigombana na mkubwa, anatoka mikono mitupu, na anaenda kutafuta mkubwa mwingine mwenye vyombo. Orkestra zetu zimepasuka mara nyingi, na swali la nani ana gitaa halikukosa humo. Kile kikopo cha Franco hakikuwa na sauti nzuri, lakini kilikuwa chake. Aliweza kukipiga asubuhi, mchana na usiku bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hapo ndipo mawazo yangu yalianza kugeuka.

Fundi wa redio

Halafu nikasoma juu ya Fender mwenyewe, na nikashangaa. Leo Fender hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni yake. Gitaa hakujua kuipiga. Alichojua ni kitu kinachoharibika na namna ya kukitengeneza.

Mwaka 1950 alitoa gitaa ambayo mwaka uliofuata ilichukua jina la Telecaster, na mwaka 1954 akatoa Stratocaster. Angalieni namna zilivyoundwa. Mwili ni ubao mzima, hauna tumbo la wazi kama gitaa kavu. Shingo haikugundishwa kwa gundi. Imefungwa na skurubu nne. Shingo ikipinda, unafungua, unaweka nyingine. Waya za ndani ni chache, ata fundi wa simu wa pale sokoni anaweza kuzilehemu. Kwa maneno mengine, gitaa hii ilifikiriwa kuanzia mwanzo iwe rahisi kutengenezwa kwa wingi na rahisi kurekebishwa. Ile tunayoiogopa kama kitu cha wakubwa ilizaliwa kwenye akili ya fundi wa redio.

Na Squier? Mwaka 1965 kampuni ya CBS ilinunua Fender, na mwaka huo huo Fender ikachukua V.C. Squier, kampuni ya zamani ya nyuzi. Jina hilo lililala. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilianza kutoa gitaa zenye umbo la Fender, nzuri na za bei ndogo, na watu wakazinunua mingi. Mwaka 1982 Fender ikaamua kushindana nazo huko huko: ikaanza kutengenezesha gitaa Japani, na jina Squier likaamshwa. Zile Squier za kwanza za Japani leo wakusanyaji wanazitafuta kwa pesa nyingi! Baadaye kazi ya Squier ilihamia Korea, China na Indonesia. Kiwanda cha Fender cha Ensenada, Mexico, kilianza mwaka 1987, na huko ndiko Player inatoka.

Kwa hiyo tofauti ya bei inatokana na kiwanda, mikono, vifaa na saa za kumalizia kazi. Jina kichwani linaongeza lake pia.

Tofauti iko wapi?

Sitaki kuwadanganya kwamba hizo gitaa mbili ni sawa. Haziko sawa. Player ina mwili wa mbao ya alder, mikro zenye sumaku ya alnico, na vyuma 22 kwenye shingo. Affinity ina mwili wa poplar, mikro zenye sumaku ya kauri, na vyuma 21. Funguo za Player zinashika sauti vizuri zaidi, na ncha za vyuma vyake zimelainishwa, mkono hauchubuki.

Kwa sebene hiyo si kitu kidogo. Solo yetu inakaa juu shingoni, inarudia maneno yale yale haraka, dakika kumi ao zaidi. Gitaa ikitoka sauti kidogo tu, mi-solo na solo zinagombana, na kila mutu anasikia. Kama pesa ingekuwa si shida, ningechukua Player bila kufikiri mara mbili.

Lakini pesa ni shida, njo maana tulikaa miezi mitatu. Tulipiga hesabu wazi mbele ya wote. Player, pamoja na safari ya kuifikisha hapa, ingepita dola zetu 900. Tungebaki bila ampli, bila nyuzi za akiba, bila chombo cha kulinda dhidi ya kuran yetu inayopanda na kushuka. Gitaa ya umeme isiyo na ampli ni ubao.

Halafu kulikuwa swali la kabati. Niliwauliza wanakomite: tukinunua Player, itakaa wapi? Wakajibu pamoja: kwa rais, chini ya ufunguo. Je, yule binti ataipiga siku gani? Jumamosi, kwenye mazoezi. Saa mbili kwa wiki! Nikawakumbusha kikopo cha Ngiri-Ngiri. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Halafu yaya mmoja mwalimu akasema: "Basi tununue ile ambayo hatutaogopa kumupa alale nayo."

Tukapiga kura. Squier ikashinda, sauti kumi na moja kwa sita.

Mapato na matumizi

Mwenzetu anayesoma Kampala alituletea gitaa mpaka Bukavu: dola 390. Ampli ndogo: 240. Nyuzi seti kumi: 80. Chombo cha kutuliza kuran: 60. Usafiri mpaka Kamituga, kilometa karibu 180 za barabara munayoijua wenyewe, matope na lori zilizolala njiani: 90. Jumla 860. Zilibaki 40.

Zile 40 zilitusaidia haraka kuliko nilivyofikiri, juu gitaa haikufika ikiwa tayari. Nyuzi zilikuwa juu mno, vidole vya binti vikauma. Kila akivuta uzi, sauti haikurudi pale ilipokuwa. Wale sita wa upande wa Player wakaniangalia bila kusema kitu. Ile siku nililala vibaya.

Kesho yake tulienda kwa fundi wa redio karibu na soko. Alikuwa hajawahi kushika Stratocaster. Aliigeuza, akaona skurubu, akatabasamu kama mutu aliyekutana na ndugu. Alishusha nyuzi, akakaza fimbo ya ndani ya shingo polepole, akapitisha msasa laini kwenye ncha za vyuma. Baba mdogo, aliyekuja kuangalia, akaomba kalamu ya risasi. Akapaka unga wake kwenye vijishimo vya kichwani ambamo nyuzi zinapita, ili ziteleze bila kukwama. "Hivi njo tulifanyaka," alisema. Tangu siku ile sauti inarudi. Funguo bado si nzuri sana. Tutazibadilisha tukichanga tena.

Sasa gitaa inalala nyumbani kwa binti. Mama yake anasema usiku anasikia nyuzi bila ampli, kidogo kidogo, mpaka kuran ya majirani inakatika. Mwezi uliopita alipiga sebene nzima bila kuangalia vidole. Baba mdogo alikuwa kiti cha mbele. Alimsahihisha mara mbili, halafu akaacha kumsahihisha.

Hakuna mgeni wa Bukavu aliyesoma jina kichwani.

Ombi langu la mwisho. Wazee waliopiga katika orkestra za wafanyakazi wa migodi bado wako kati yetu, lakini si wote na si kwa miaka mingi. Kama nyumbani kwenu kuna picha, mkanda, ao mzee anayekumbuka nani alikuwa na vyombo na nani alikuwa na vidole tu, kaeni naye na kalamu. Ile nayo ni historia ya Kamituga.